Tusiifukuze MSG kwenye sufuria ya shule kabla ya kuitazama chumvi

Wadau, Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi katika shule moja ya msingi hapa Dodoma mjini. Habari ilikuwa chakula cha mchana, ugali na maharage. Mzazi mmoja akasimama na pakiti ya kiungo cha mchuzi aliyoichukua jikoni. Akasema ndani yake mna MSG, ile poda ya kukoleza ladha, kwamba ni sumu ya Wachina, inaharibu ubongo wa watoto na kuleta saratani, wapishi wakatazwe. Mikono ikapanda, hoja ikapita hata dakika kumi hazijaisha. Mimi ni mama lishe, napika karibu na soko la Majengo mwaka wa kumi na nne huu. Sikunyoosha mkono, na nimekuja kusema sababu. Anayepinga anipinge kwa hoja.

Tuanze na hilo la Wachina. Kitu hiki kilitoka Japani. Mwaka 1908 profesa wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alitaka kujua supu ya mwani wanayokunywa kwao inakolezwa na nini, maana ladha ile si chumvi, si sukari, si ndimu. Akauchemsha mwani, wao wanauita kombu, mpaka akapata chembe za asidi ya glutamiki. Ladha yake akaiita umami. Asidi yenyewe ilishajulikana tangu 1866, Mjerumani Ritthausen aliipata kwenye ngano. Ikeda ndiye aliyegundua kwamba ulimi unaitafuta. Akaiunganisha na sodiamu iwe rahisi kutumia jikoni, ndiyo hiyo monosodiamu glutameti, kwa kifupi MSG, na mwaka 1909 ikaingia sokoni kwa jina la Ajinomoto. Siku hizi wanaitengeneza kwa kuchachusha: bakteria wanalishwa sukari ya miwa au wanga wa mahindi na muhogo, wao wanatoa glutameti. Sisi tuliokulia kwenye togwa tusiogope neno kuchachusha.

Uchina uliingiaje? Mwaka 1968 daktari anayeitwa Robert Ho Man Kwok aliandika barua kwenye jarida la kitabibu la Marekani. Alisema kila akila kwenye migahawa ya Kichina kule anapata ganzi shingoni, mwili unalegea na moyo unamwenda mbio. Alikisia mambo kadhaa: sosi ya soya, mvinyo wa kupikia, chumvi nyingi, MSG. Watu wakaokota hilo la mwisho, wakalibandika kwa Wachina, na mpaka leo linatufikia kwenye simu zetu.

La ubongo nalo lina chanzo chake. Mwaka 1969 mtafiti John Olney aliwadunga panya wachanga MSG chini ya ngozi, kwa kipimo kikubwa, na ubongo wao ukadhurika. Ni kweli kabisa. Ila sindano kwa kichanga cha panya ni jambo moja, na mchuzi unaoingia kwa mdomo ni jambo lingine: glutameti tunayokula, sehemu kubwa sana huishia kwenye utumbo, utumbo wenyewe unaitumia kama nishati. Na tunaila kila siku bila pakiti yoyote. Imo kwenye nyanya mbivu na uyoga mkavu. Maziwa ya mama yana ile iliyo huru, isiyofungwa kwenye protini, mara kadhaa kuliko ya ng'ombe. Mimi nyanya zangu nazikatia kwenye mafuta ya alizeti, nafunika, nangoja maji yakauke mpaka mafuta yajitenge pembeni na ule wekundu ugeuke rangi ya tofali. Ukionja pale, kabla ya chumvi, ile ladha inayokaa ulimini na kukujaza mate ndiyo Ikeda aliyoitafuta kwenye mwani.

Sasa lililonifanya nisinyooshe mkono. Pakiti ile ilipozungushwa niliishika, nikasoma nyuma. Cha kwanza kimeandikwa chumvi. Viungo vya chakula huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Halafu nilishawahi kumwona mpishi wa pale kwa macho yangu: anapasua pakiti tatu, anamimina, na kabla hajaonja anachota chumvi kiganja kizima. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo. Mama yangu anaishi Bahi, presha imempiga upande mmoja wa mwili. Hajawahi kuona MSG. Alikula mlenda wenye magadi na chumvi maisha yake yote, na magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi na inayopandisha presha, hakuna aliyemwambia. Kikao kizima hakuna aliyeitaja chumvi. Hilo ndilo linaloniuma.

Karibuni.

Mchangiaji, Kondoa: Dada, umeandika vizuri, lakini mume wangu akila supu za vibandani zenye hiyo poda kichwa kinamgonga mpaka jioni. Nyumbani hapati. Unataka nimwambie anaota?

Mchangiaji, Singida: Mimi napinga. Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2017 iliweka kikomo cha glutameti ya kuongezwa kwenye chakula: miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 600 tu. Mpishi anayemimina bila kipimo atajuaje? Halafu mwenye kuku wa kienyeji, kitunguu na nyanya, poda ya nini? Tunawafundisha watoto kwamba chakula bila pakiti si chakula.

Mchangiaji, Mpwapwa: Maharage ya shule hayana kuku wala nyanya, ndugu yangu. Kitunguu kimoja watoto hamsini.

Nimerudi. Dada wa Kondoa, shemeji haoti. Wataalamu waliopitia tafiti kwa ajili ya serikali ya Marekani mwaka 1995 walikubali kwamba baadhi ya watu wanaweza kuumwa kichwa au kupata ganzi ya muda wakinywa gramu 3 au zaidi za MSG bila chakula. Kwenye mlo wa kawaida huwa haifiki hata nusu gramu. Ila supu ya kibandani asubuhi, tumbo tupu, na anayepika hapimi, mimi siwezi kukuhakikishia ni ngapi imeingia. Akijiona haimfai, aiache. Hilo halina ubishi.

Wa Singida, umenibana na nakubali umenibana. Kikomo hicho kipo. Waliokiweka walichukua kipimo ambacho hakikuwadhuru panya wakakigawa kwa 100, kwa hiyo kuvuka kidogo siku moja si sumu. Na kamati ya pamoja ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani, mwaka 1987, haikuona haja ya kuweka namba. La saratani, wote hao hawakuliona. Lakini la kumimina bila kipimo tuko pamoja, kwa chumvi na kwa MSG.

Tofauti yetu ni hii: hoja iliyopita inamwondolea mpishi pakiti na kumwachia kiganja chake cha chumvi. Maharage yatapooza, yeye ataongeza kiganja cha pili. MSG ina sodiamu kama asilimia 12, chumvi ya kawaida kama 39. Kama ukiweka kidogo ya ile ukapunguza sana hii, sodiamu inashuka na mtoto bado anamaliza sahani. Na kama hatutaki poda kabisa, basi tuchangie nyanya na karanga za kusaga, tumnunulie na kijiko cha kupimia.

Juzi nimejaribu kwangu. Sufuria mbili za maharage, moja ya pakiti na chumvi kama wanavyopika shuleni, moja ya nyanya zilizokaukia, karanga, na chumvi nusu. Wateja wangu sikuwaambia kitu. Ya pili iliisha saa saba na nusu, ya kwanza ilibaki chini. Ni siku moja tu, sisemi ni utafiti. Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati ya shule anipe jiko na mpishi wao kwa asubuhi moja kabla ya kikao kijacho. Hajajibu bado.