Spika za kompyuta kwa mzee asiyeona: dola 70, nyumba ya mbao, Goma

Mtoto wa Keshero (Goma) anauliza:

Hamjambo wote. Naomba mawazo ya watu wanaojua mambo ya sauti, kwa maana nikienda dukani peke yangu nitauziwa boksi zuri lenye kitu kibaya ndani.

Papa yangu ana miaka 71 na macho yamekwisha. Glakoma ilianza jicho la kulia, tukachelewa, na leo anatofautisha mchana na usiku tu. Zamani alikuwa fundi wa injini kwenye mashua za Goma–Bukavu, na masikio yake bado ni ya mtu wa injini: pikipiki ikipita njiani anakuambia kama mnyororo umelegea. Jioni umeme ukiwepo, watoto wangu wanaweka filamu kwenye kompyuta, naye anakaa nao. Sauti inatoka kwenye spika ndogo iliyo ndani ya skrini, kama vile watu wote wa filamu wamefungiwa ndani ya bidoni. Kila dakika anauliza: "Sasa nani ameingia? Huyo anaongea na nani?" Watoto wanajibu mara ya kwanza, wanajibu ya pili, ya tatu wanachoka. Juzi aliinuka akaenda kulala filamu ikiwa katikati. Hakukasirika. Alisema tu kwamba hajui nani yuko wapi.

Ndiyo nikafikiria zile spika tano na besi (lile sanduku la sauti nzito), zinazomzunguka mtu. Mlango ukifunguka nyuma kwenye filamu, papa asikie nyuma.

Niko na dola 70. Kompyuta ni ya mezani, nilinunua ikiwa imetumika, nyuma ina matundu matatu ya sauti: la bluu, la kijani na la pinki. Nyumba ni ya mbao, sakafu pia mbao juu ya mawe. Saloni ni mita 3 na nusu kwa 3, na jirani ukuta kwa ukuta. Birere nimeona boksi la spika tano na besi, limeandikwa wati 12,000, dola 65. Nichukue?

Fundi wa Redio, Birere:

Ndugu, usichukue kwanza. Pole kwa mzee. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu swali lako linastahili, na kwa sababu wateja wananiletea maboksi ya namna hiyo karibu kila wiki.

Anza na hizo wati. Geuza besi, tafuta kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Kitakuambia 220 V, 50 Hz, na wati labda 50 au 60. Hizo ndizo zinazoingia kutoka ukutani. Sasa zitaingia wati 60 zitoke 12,000 kutoka wapi? Namba kubwa ya kwenye boksi wanaiita PMPO, na kila kiwanda kinaiandika kinavyopenda. Wewe tafuta herufi RMS, ndizo wati ambazo spika inazitoa kweli kwa mfululizo. Ili upate kipimo: Logitech Z506, spika tano na besi yake, zote pamoja ni wati 75 RMS, na chumba chako hakitazimaliza.

Halafu angalia matundu ya nyuma ya besi. Spika tano za kweli zinahitaji njia za sauti sita kutoka kwenye kompyuta: ama pini tatu ndogo (ya kijani ni ya mbele, nyeusi ni ya nyuma, ya rangi ya chungwa ni ya katikati pamoja na besi), ama matundu sita ya duara. Ukikuta jekundu na jeupe tu, hiyo ni sauti ya njia mbili iliyogawiwa midomo mitano. Kilichopo mbele ndicho kitakachosikika nyuma. Mzee atachanganyikiwa kuliko sasa.

Mimi mwenyewe niliuziwa moja ya namna hiyo mwaka wangu wa kwanza wa ufundi. Nilipofungua nilikuta zile mbili za nyuma zimeungwa kwenye waya uleule wa mbele. Na kila kisanduku kilionyesha duara mbili, ya juu na ya chini. Ya chini ilikuwa sahani ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi: nyuma yake hakuna sumaku, hakuna waya, hakuna chochote. Niliuma meno, dola zangu zilikuwa zimekwenda. Tangu siku ile nanyanyua kisanduku kwanza nisikie uzito, ndipo nasikiliza.

Kompyuta yako pengine haina shida. Nyingi zenye matundu matatu na chipu ya sauti ya Realtek zinaweza kutoa njia sita: ukichagua 5.1 (yaani spika tano na besi moja) kwenye mipangilio, la kijani linabaki la mbele, la bluu linakuwa la nyuma, la pinki linakuwa la katikati na besi. Maikrofoni itakosa mahali pake pa nyuma, basi. Windows ina kitufe cha kujaribu, inapiga mlio kwenye spika moja moja, kwa hiyo utajua siku hiyohiyo.

Lakini kabla ya yote hayo nataka uniambie jambo moja: papa anapenda filamu za namna gani? Filamu zenyewe zina njia ngapi za sauti? Fungua moja kwa VLC, ile programu ya kuchezea filamu, nenda kwenye habari za kodeki, angalia mstari wa chaneli za sauti. Ukikuta 3F2R/LFE, hiyo ni tatu za mbele, mbili za nyuma, na besi: ndiyo 5.1. Ukikuta Stereo, ni mbili, na hata ukinunua spika kumi zitabaki mbili. Na angalia lugha mnayosikiliza ninyi, siyo ya kwanza tu. Kuna mafaili ambayo Kiingereza kina njia sita na Kifaransa kina mbili.

Mama wa Kadutu (Bukavu):

Mwanangu, mimi si fundi, ni mwalimu wa kwaya. Nyumbani nilikuwa na hizo tano. Waya zilipita chini ya mkeka, chini ya kabati, kando ya mlango. Una mzee asiyeona na watoto wadogo, nawe unataka kutandaza waya mita nne nne kwenye sakafu anayoijua kwa miguu? Kama utazinunua, zipandishe juu ukutani kwa misumari kabla hata ya kuziwasha.

Mimi niliziuza nikabaki na mbili za sanduku la mbao, kubwa kidogo. Sasa nasikia soprano wa pili akichelewa kuingia. Hapo zamani besi ilikuwa inamfunika.

Mwanafunzi, Lubumbashi:

Yaya, kwa nini usinunue ekuta nzuri tu, za kuvaa kichwani? Dola 20. VLC ina mpangilio wa kufanya sauti ya kuzunguka ndani ya ekuta, mimi natumia kwenye kompyuta yangu ya kubeba kwa sababu ina tundu moja tu. Jirani hasikii, umeme unatumika kidogo, na mzee anapata nyuma na mbele. Tena kama ni kidole cha USB cha kuongeza matundu ya sauti, kilichoandikwa 7.1 (yaani spika saba na besi), usikiguse: vingi vina tundu moja la sauti, njia mbili, zilizobaki ni programu inayoigiza.

Mtoto wa Keshero:

Aksanti sana. Nimesoma yote, na usiku nimefanya kazi niliyopewa.

Mdogo wangu wa Lubumbashi, nilimwambia papa habari ya ekuta. Alikataa palepale. Akasema akiziba masikio hatasikia wajukuu wakicheka, na hatajua kama mvua imeanza. Nikaona ana haki. Anakuja saloni kwa ajili ya watoto, filamu ni nafasi tu ya kukaa nao.

Fundi, nilikagua filamu 43 zilizo kwenye diski. Zenye 3F2R/LFE ni 5. Katika hizo 5, moja sauti ya Kifaransa ni Stereo kama ulivyosema, na sisi tunasikiliza Kifaransa. Zilizobaki zote ni Stereo. Na zile papa anazozipenda kuliko zote ni za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya filamu. Sikuwahi kuwaza kwa nini anazipenda. Kumbe DJ ndiye anayemwambia nani ameingia! Wakati wa filamu hizo huwa haulizi chochote. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya vichekesho.

Kwa hiyo tano hazina kazi kwangu?

Fundi wa Redio, Birere:

Kwa sasa hazina. Wewe tafuta mbili nzuri, zenye amplifaya ndani, za sanduku la mbao au mbao ya kubana, siyo plastiki nyepesi. Kwa dola 70 utapata zilizotumika ambazo mpya zake zinapita mfuko wako.

Namna ya kuzijaribu hapo dukani: toa kitambaa cha mbele. Gusa koni, ile duara ya mbele inayotetemeka, kwa vidole vitatu vilivyotawanyika, sukuma polepole, kiasi cha unene wa sarafu. Irudi laini bila sauti. Ukisikia kukwaruza kama mchanga, waya wa ndani umeungua au umepinda, iache. Angalia ule mpira wa pembeni ya koni, kama unachanika kama mkate mkavu, iache pia. Zungusha kitufe cha sauti: kikitoa kelele kidogo ni vumbi, na kwa vumbi letu la Goma hilo ni la kawaida, nitakusafishia. Mwisho beba filamu ya papa kwenye flashi, siyo muziki wa muuzaji. Muziki wake umechaguliwa ili besi ikupige kifuani.

Na sasa sikiliza, una bahati ambayo wateja wangu wengi hawana: una kiti kimoja. Mtu mwenye watu saba kwenye saloni hawezi kuwapangia wote sauti. Wewe panga kwa ajili ya kiti cha mzee. Pima kutoka masikio yake hadi skrini. Kama ni mita 1.8, weka spika moja kushoto na nyingine kulia, kati yao mita 1.8, kila moja mita 1.8 kutoka kwake, zimwangalie yeye. Ziwe kwenye urefu wa masikio yake akiwa ameketi. Watoto wakae kwenye mkeka mbele, chini, ili vichwa vyao visikate sauti. Hapo mtu anayeongea katikati atasikika katikati, ingawa hakuna spika pale, na anayetembea kutoka kushoto papa atamfuata kwa kidole.

Zile filamu chache za 5.1 zikipigwa kwa spika mbili, maongezi yanaweza kushuka na milipuko ikapanda. VLC ina kitu kinaitwa kompresa kwenye athari za sauti. Kiwashe, kitanyanyua maneno na kupunguza mabomu. Jirani yako wa ukuta wa mbao atakushukuru.

Umeme: kompyuta na spika zichomekwe kwenye ralonji moja (waya wa kurefusha umeme), vinginevyo zinaweza kuvuma "mmmm" usiku kucha. Umeme ukikatika, chomoa. Zinazokuja kwangu nyingi zimeuawa na umeme unaporudi, siyo unapokatika.

Mtoto wa Keshero:

Narudi baada ya siku tisa.

Nilipata mbili za sanduku la mbao, nyeusi, zimetumika, dola 48 baada ya kubishana. Jozi ya kwanza niliyoshika, ya kulia ilikwaruza kabisa kama ulivyosema, mchanga mtupu. Muuzaji alishangaa nimejuaje. Ya pili ilikuwa laini.

Siku ya kwanza sakafu ilitetemeka. Spika nilizisimamisha juu ya stuli za mbao, na mbao za ukuta ziliimba pamoja nazo, hasa ubao mmoja karibu na dirisha. Nilienda kwa mtu anayetengeneza tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nikamwomba vipande vya mpira wa tairi, ule anaouvisha magurudumu. Alinipa vinane bure. Nimeviweka vinne chini ya kila spika, na ule ubao nimeupigia misumari miwili. Umenyamaza. Nyuma ya kiti cha papa nimetundika blanketi, kwa sababu sauti ilikuwa inarudi kutoka ukutani.

Jana tuliweka filamu ya DJ. Papa alisikiliza dakika kumi bila kusema kitu, nikaogopa. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, akasema: "Nyumba yao mlango uko huku." Mtoto wangu mdogo akaangalia skrini, akasema ndiyo babu, uko huko. Wakaendelea hivyo, babu anasema, mtoto anahakikisha. Wamefika mwisho.

Swali moja limebaki. Zimebaki dola 22. Ninunue besi ndogo, au stabilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme?

Fundi wa Redio, Birere:

Stabilaiza. Njoo nayo kwangu kabla ya kuichomeka, niipime. Na uniletee spika zote mbili nisafishe kile kitufe.