Kabla ya kuchimba kisima kipya: gumzo la ukoo kuhusu shule yetu ya msingi

Kaka Mkubwa: Habari za jioni, ndugu zangu. Shikamoo Shangazi, shikamoo Babu Mdogo. Mchango wa ukoo kwa ajili ya shule yetu umefikia kiasi cha kuanzia kazi. Pendekezo langu ni kwamba fedha zote ziende kwenye kisima kirefu kipya, kwa kuwa pampu ya mkono iliyopo inasumbua tangu mwaka jana na watoto wanalazimika kubeba maji kwenye madumu kutoka nyumbani. Naomba maoni yenu kabla sijazungumza na wachimbaji.

Shangazi Mwalimu: Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kulibeba jambo hili. Leo wakati wa mapumziko nilikaa karibu na vyoo vya wasichana nikiwa na daftari. Tuna wasichana 264 na matundu 4, yaani wasichana 66 kwa kila tundu. Mapumziko ni dakika 20. Wakitaka kuingia wote, kila mmoja atapata sekunde 18, na hapo sijahesabu muda wa kufungua mlango wala wa kunawa mikono.

Shangazi Mwalimu: Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu shule za mazingira kama yetu unataka tundu 1 kwa wasichana 25, kwa hiyo tungepaswa kuwa na matundu 11. Kwa wavulana unataka tundu 1 pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila wavulana 50. Wavulana wetu ni 250, wana matundu 3, na sehemu ya kukojolea hawana kabisa.

Mjomba Fundi: Shangazi, hesabu hiyo ya sekunde sikuwahi kuifikiria.

Shangazi Mwalimu: Ngoja nikueleze nilichokiona. Wasichana wawili wa darasa la sita walikuja pamoja. Mmoja aliingia, mwenzake akabaki nje ameegemea mlango kwa mgongo na kuweka mguu pale chini ambapo ubao umeoza, kwa sababu komeo lilishang'oka na hakuna aliyelirudisha. Alikaa hivyo mpaka mwenzake akatoka. Zamu yake ilipofika kengele ikalia, naye akakimbilia darasani bila kuingia. Yule mtoto alikaa darasani saa mbili nzima akiwa amebana haja, nami nilikuwa ninamfundisha hisabati.

Dada Mdogo: Shikamoo Shangazi. Umenirudisha mbali. Mimi nilisoma hapo hapo, na siku za hedhi nilikuwa sifiki shuleni, wala si kwa sababu ya maumivu. Hapakuwa na maji ndani ya choo, hapakuwa na mahali pa kutupa taulo iliyotumika, na mlango ulikuwa haufungiki. Nilikuwa ninamwambia mama kwamba tumbo linauma, kwa kuwa nilishindwa kumweleza habari ya mlango. Ninaomba wasichana wapate angalau chumba kimoja chenye nafasi ya kubadilishia, ndoo ya maji ndani, chombo chenye kifuniko na kichomea taka nyuma ya jengo. Chumba hicho kisiitwe kwa jina litakalowafanya waone aibu kukiingia.

Kaka Mkubwa: Pole sana, mdogo wangu. Sikuyajua hayo, na ninajilaumu kwamba sikuwahi kuuliza. Hata hivyo, vyoo bila maji vitatusaidia nini?

Mjomba Fundi: Kuhusu maji, niliifungua ile pampu Jumamosi iliyopita. Kisima hakijakauka. Asubuhi unapiga mpini mara thelathini kabla ya tone la kwanza, kisha maji yanatoka vizuri, na ukiiacha kwa saa moja yanashuka tena. Hiyo ni dalili kwamba vali ya chini haishikilii maji, au bomba linalopandisha maji lina tundu mahali fulani. Mpira wa pistoni nao umelika. Hivi vyote ni vipuri vya kubadilisha, na kazi yenyewe ni ya siku moja kwa watu wanne. Ukichimba kisima kipya leo, pampu yake nayo italika mipira kama hii, na tutarudi hapa hapa tulipo.

Binamu Afisa Afya: Ninakubaliana na Mjomba, nikiongezea suala la mvua. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa inatoa lita 1 ya maji. Paa la jengo refu la madarasa lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 8, yaani mita 200 za mraba. Tukichukulia mwaka wa milimita 700 na kuondoa sehemu moja ya tano inayopotea, tunapata lita 112,000, ambazo leo zinamwagika chini na kuchimba msingi wa jengo.

Kaka Mkubwa: Kumbe tunaweza kuishi kwa mvua peke yake?

Binamu Afisa Afya: Hapana, kaka, na ni vizuri tusijidanganye. Mwongozo ule ule unakadiria lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika shule ya kutwa. Tukiwa na wanafunzi 514 na walimu 12, hizo ni lita 2,630 kila siku. Maji yote ya paa hilo, hata kama tungekuwa na mahali pa kuyahifadhi, yangetosha siku 42 tu, na tangi la lita 10,000 likijaa halimalizi siku ya nne. Kwa hiyo pampu ibaki chanzo kikuu, na tangi lihudumie kunawa mikono na usafi wa vyoo. Kila mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe nje kabla ya kuingizwa tangini, maana inaosha kinyesi cha ndege na vumbi la miezi mingi.

Binamu Afisa Afya: Kwa upande wa vyoo, napendekeza choo cha shimo chenye bomba la hewa, aina iliyobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa chafu kutoka shimoni. Nzi waliomo ndani hufuata mwanga unaoonekana juu ya bomba, wakakwama kwenye wavu na kufia hapo. Ndiyo maana wavu ukichanika choo kinakuwa kiwanda cha nzi, na ndivyo vilivyo vyoo vyetu sasa. Nimepanda ngazi nikaona mwenyewe. Mashimo mapya yawe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Shangazi Mwalimu: Najua choo cha namna hiyo kinahitaji giza kidogo ndani, lakini watoto wa darasa la kwanza wanaogopa giza na wanaogopa tundu kubwa. Ndiyo sababu wanajisaidia nyuma ya jengo, kisha watu wanasema hawana adabu. Naomba matundu mawili yawe madogo, ya kipimo chao, na mwanga kiasi uachwe uingie. Tunaye pia mtoto anayetembelea magongo. Yeye anahitaji mteremko badala ya ngazi, mlango mpana na chuma cha kushikilia ukutani.

Babu Mdogo: Marahaba, wajukuu zangu. Nimesoma yote. Mnakumbuka lile tangi tulilopewa na wafadhili miaka ile. Koki ilivunjika, ikakosekana koki nyingine, na tangi likakaa tupu mpaka nyuki wakahamia humo. Mimi natoa mchango wangu kwa sharti moja, kwamba sehemu yake iwekwe kando kwa ajili ya koki, mipira ya pampu, sabuni na makomeo, na ajulikane kwa jina mtu wa kuitunza.

Kaka Mkubwa: Nimekuelewa, Babu, na ninaliondoa pendekezo la kisima kipya. Tuanze na pampu, kisha matundu ya wasichana, halafu mifereji ya paa na tangi. Wakati tunasubiri tangi, tufunge vibuyu chirizi kumi vya kunawia mikono karibu na vyoo, kwa kuwa vinahitaji dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia tu.

Mjomba Fundi: Vipuri vya pampu nitavifuata Ijumaa. Jumamosi asubuhi nahitaji vijana wanne wa kuvuta mabomba.

Dada Mdogo: Nami nitakuja. Makomeo je, yatasubiri vyoo vipya?

Shangazi Mwalimu: Hayatasubiri, mwanangu. Kesho baada ya masomo nitawaita wasichana wa darasa la kwanza na wa darasa la saba wasimame mlangoni, kila mmoja anionyeshe mkono wake unafika wapi, niweke alama kwa chaki. Mjomba, ukija Jumamosi utazikuta alama hizo kwenye milango yote minne.