Ukoo wa Kojani: Zuwena na baiskeli ya pwani ya Ayalandi

*Jumamosi, Dingle*

Zuwena: Asalam aleykum. Shikamooni wakubwa wote. Tumefika Dingle, nimeshaoga na kula. Miguu inauma lakini mzima, alhamdulillah. Kesho tunapanda Conor Pass.

Mwanakombo: Waaleykum salaam dada. Bi Mkubwa anauliza umekula nini.

Zuwena: Samaki wa kukaanga, viazi na mkate wao wa magadi, mzito hasa. Supu ya samaki nimeiacha, mpishi kaniambia ndani mna vipande vya nguruwe. Mwambie Bi Mkubwa sishindi na njaa.

Shangazi Mize: Marahaba mwanangu. Hiyo Conor Pass ndiyo nini?

Zuwena: Ni njia ya mlimani shangazi, inapita zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Upande mmoja jabali, upande mwengine korongo, na pengine barabara ni ya gari moja tu. Malori yamepigwa marufuku kupita. Ukifika juu unaona bahari pande zote mbili.

Shangazi Mize: Ya Rabbi. Na mvua?

Zuwena: Mvua huku haiagi wala haipigi hodi. Leo imetunyea mara nne, na katikati jua limewaka.

Juma fundi: Zuwena, kupanda si tatizo, utashuka na kusukuma ukichoka. Tatizo kushuka. Raba za breki zikoje? Piga picha karibu, gurudumu la nyuma.

Zuwena: [picha]

Juma fundi: Hiyo ya kushoto imekwisha, ona ile mifereji haionekani tena. Badilisha usiku huu huu. Ukiweka mpya, hakikisha inabana rimu tu, isiguse tairi, itakukata tairi. Kisha waya wa breki ukiwa umelegea zungusha ile skrubu ndogo pale kwenye mkono wa breki, utoke nje kidogo kidogo mpaka ubane sawa.

Juma fundi: Na kesho usiibane breki moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Bana, achia, bana, achia. Rimu ikipata moto sana tyubu inapasuka.

Zuwena: Sawa kaka. Duka la baiskeli lipo hapo mtaa wa pili, nakimbia kabla hawajafunga.

Khamis Muscat: Mashaallah Juma, fundi wa Chake anatengeneza baiskeli iliyoko Ayalandi.

*Jumapili usiku*

Zuwena: Tumevuka Conor Pass. Upepo wa kusini magharibi ulitusukuma mgongoni, ndiyo maana wanaokwenda masafa marefu pwani hii huanzia kusini kuelekea kaskazini. Njia nzima, kutoka Kinsale mpaka Inishowen juu kabisa, ni kama kilomita 2,500. Sisi hatuizunguki kila rasi, tunakata baadhi. Juma, nilibana na kuachia. Mikono imekakamaa lakini breki hazikuniangusha.

Juma fundi: Alhamdulillah.

Mwanakombo: Jamani nakumbusha mchango wa boti za uokozi, ambao Zuwena anauendeshea baiskeli. Walioko Pemba na Dar mnitumie mimi kwa simu, nitabadilisha na kupeleka kwa pamoja. Khamis na walioko nje waingie wenyewe kwenye ukurasa wa Zuwena. Hadi sasa wametoa Shangazi Mize, Khamis, Bi Mkubwa, na Juma kaahidi.

Ami Seif: Nimekaa kimya siku zote hizi, lakini nina swali. Huo mchango ni wa boti za kuokoa watu baharini huko Ulaya. Wao wana serikali tajiri. Kwa nini sisi wa Kojani tuwachangie wazungu?

Zuwena: Shikamoo Ami. Swali lako ni la haki, nataka nilijibu vizuri. Kesho asubuhi tunavuka mto Shannon kwa pantoni, nitakaa chini nikujibu.

Ami Seif: Marahaba. Sina haraka.

*Jumatatu, Tarbert*

Zuwena: Ami, tuko kwenye pantoni kutoka Tarbert kwenda Killimer, ni dakika kama 20. Tungezunguka kwa barabara ni zaidi ya kilomita 100.

Zuwena: Serikali ya huku ina walinzi wa pwani, wana helikopta na vituo vya redio. Ukipata shida baharini unapiga 112, wao ndio wanaopokea. Lakini boti nyingi zinazotoka kwenda kukutafuta si za serikali. Ni za RNLI, taasisi ya hisani tangu mwaka 1824, inayofanya kazi Uingereza na Ayalandi. Inaishi zaidi kwa michango na wasia wa watu.

Zuwena: Na wanaoingia kwenye boti wengi wao ni watu wa kujitolea. Mmoja mwalimu, mwengine muuza duka, mwengine mvuvi kama wewe. Kila mmoja ana kipeja kiunoni. Kikilia anaacha alichoshika anakimbilia bandarini. Hospitali ninayofanyia kazi yupo mwenzangu ambaye mumewe ni mmoja wao. Wanakula chakula cha usiku, kinalia, mwanaume hayupo tena mezani.

Ami Seif: Halipwi kabisa?

Zuwena: Kituo kinaweza kuwa na fundi wa mashine anayelipwa, lakini wengi wao hawalipwi mshahara.

Ami Seif: Na wakimpata mtu, wanamtoza?

Zuwena: Hapana Ami. Hawamtozi na hawamuulizi wa wapi.

Khamis Muscat: Ami, mimi nakumbuka ile meli ya Spice Islander.

Ami Seif: [sauti, dakika 3]

Mwanakombo: Nawaandikia wasioweza kusikiliza, Ami kaniruhusu. Anasema Septemba 2011 alikuwa dago, kambi ya wavuvi, Nungwi kaskazini ya Unguja. Habari ziliwafikia meli ya Pemba imezama usiku. Wavuvi hawakungoja kuambiwa, walitoka na boti zao, mafuta wakachangishana pale pale ufukweni. Anasema waliwakuta watu wameshikilia magodoro. Mtoto mmoja alikuwa juu ya godoro na mwanamke asiyekuwa mama yake, amemfunga kwa kanga kiunoni mwake. Walirudi, wakaenda tena, mpaka mafuta yakaisha. Anasema mpaka leo akisikia mtu anacheka karibu na maji hugeuka kutazama, kwa sababu kwa mbali kucheka na kulia hufanana.

Shangazi Mize: Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Allah awarehemu wote.

Zuwena: Ami, sikuwahi kukusikia ukilisema hili.

Ami Seif: Hamkuniuliza.

Zuwena: Kwa hiyo Ami ulichokifanya wewe Nungwi ndicho wanachokifanya hawa. Tofauti wao wana boti inayongoja, na mafuta yamo tayari. Hilo ndilo ninaloendeshea baiskeli.

Mwanakombo: Na kuna jengine. RNLI hii hii iliwahi kusaidia mradi Nungwi unaofundisha watoto kuogelea. Wasichana wanapewa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima, ili wazazi waridhike waingie majini. Mwaka 2019 magazeti ya Uingereza yaliwashambulia kwa hilo, wakiulizwa kwa nini pesa ziende nje. Wao wakasema hadharani kwamba wanajivunia, kwani watu wanazama dunia nzima.

Ami Seif: Hilo sikulijua.

Shangazi Mize: Mimi nimezaliwa kisiwani na sijui kuogelea mpaka leo. Wanawake wangapi wa Kojani wanajua? Tunakulia juu ya maji tunayaogopa.

Ami Seif: Niacheni nifikiri.

*Ijumaa, Doolough*

Zuwena: Jumaa kareem. Tumetoka Clifden, tukapita ghuba ya Killary, sasa tuko bonde la Doolough, Mayo. Hakuna nyumba hata moja. Ziwa jeusi, milima miwili, na kondoo waliopakwa rangi mgongoni ili kila mwenyewe amjue wake.

Zuwena: Kuna msalaba wa jiwe kando ya barabara. Mwaka 1849, wakati wa njaa kuu, mamia ya watu walitembea njia hii kutoka Louisburgh kwenda kuwaomba chakula wakubwa waliokuwa kwenye jumba moja upande wa pili wa ziwa. Wakafukuzwa warudi. Wengi wakafa njiani, kwenye baridi hii hii. Njaa ile ilianza 1845 viazi vilipooza shambani, na watu kama milioni moja wakafa.

Shangazi Mize: Na chakula kingine hakikuwepo?

Zuwena: Kilikuwepo shangazi. Nafaka na ng'ombe walikuwa wakipakiwa melini kwenda Uingereza watu wakifa. Mwenzangu wa hapa kanieleza tukiwa tumesimama pale, na sauti yake ilibadilika kama anayesimulia msiba wa mwaka jana.

Zuwena: Kaniambia pia kwamba mwaka 1847 Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wameshanyang'anywa ardhi yao wenyewe, walichanga pesa wakaleta Ayalandi. Waayalandi hawajasahau, wamewajengea mnara kule Cork. Na Askofu Desmond Tutu alikuja kutembea bonde hili mwaka 1991.

Khamis Muscat: Subhanallah. Watu walionyang'anywa ardhi ndio waliochanga.

Mwanakombo: Dada usikae sana kwenye baridi, Bi Mkubwa anauliza soksi za sufu umevaa?

Zuwena: Nimevaa. Na juu yake mifuko ya plastiki ndani ya viatu, maji hayaingii.

*Jumamosi, Achill*

Zuwena: Leo raha tupu. Kutoka Westport mpaka Achill tumepita njia ya baiskeli ya kilomita 42, ilikuwa reli ya zamani iliyofungwa 1937. Hakuna gari hata moja na miinuko ni ya treni, mipole. Juma, gia ndogo hata sikuzigusa.

Juma fundi: Cheni umeipaka mafuta? Mvua ile ya juzi inaosha yote.

Zuwena: Kila jioni. Nafuta kwanza kwa kitambaa, napaka, naacha, nafuta tena, kama ulivyosema.

Shangazi Mize: Na swala unasalije mwanangu, huko nasikia jua halizami.

Zuwena: Linazama shangazi, ila saa nne za usiku. Magharibi naisali watu wenzangu wamelala, isha na alfajiri karibu zinashikana. Nalala kidogo katikati, mchana wanaponiona nasinzia kwenye kituo cha chai wananiacha.

*Jumatano, Buncrana*

Zuwena: Ami Seif upo? Niko Buncrana, kituo cha boti ya uokozi cha Lough Swilly. Wametukaribisha ndani.

Ami Seif: Nipo. Nionyeshe boti.

Zuwena: [video]

Ami Seif: Mbona sioni propela?

Zuwena: Haina, Ami. Inavuta maji chini na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Boti za aina hii zinaitwa Shannon, kama ule mto tuliovuka. Ya kwanza kuletwa Ayalandi ililetwa kituo hiki, mwaka 2015. Inakwenda noti 25, kama kilomita 46 kwa saa. Kwa kuwa haina propela inaweza kuingia maji haba, na kupanda ufukweni ikabidi.

Ami Seif: Na ikipinduka?

Zuwena: Inajigeuza yenyewe. Watu wamefungwa mikanda kwenye viti.

Ami Seif: Viti vinacheza? Viguse.

Zuwena: Nimekaa. Vina springi chini, vinapokea pigo la wimbi badala ya uti wa mgongo.

Ami Seif: Mgongo wangu ungekuwa mzima leo. Muulize nahodha mawimbi ya hapo mabaya yanatokea upande gani.

Zuwena: Nimemuuliza. Anasema upepo wa kaskazini ukikutana na maji yanayotoka kwenye ghuba, pale mdomoni, bahari inasimama wima. Nimemwambia swali ni la ami yangu, mvuvi wa Kojani, aliyetoka kuokoa watu wa Spice Islander. Akavua kofia. Anakusalimu.

Ami Seif: Mwambie waaleykum salaam. Na mwambie Nungwi pia maji ya mkondo yakikutana na kusi yanasimama hivyo hivyo. Tunapita nje, mbali na ncha, hata kama njia ni ndefu.

Zuwena: Nimemwambia. Anasema na wao wanafanya hivyo.

*Alhamisi, Malin Head*

Zuwena: TUMEFIKA. Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya Ayalandi, ukiacha visiwa vidogo. Kuna mnara wa zamani wa mawe, upepo unataka kunivua kofia ya baiskeli, na mbele yangu bahari tupu. Alhamdulillahi rabbil alamin.

Shangazi Mize: Allahu akbar! Hongera mwanangu, hongera sana. Nimelia hapa dukani, wateja wananiuliza kulikoni.

Juma fundi: Hongera dada. Baiskeli usiiuze, ifunge sandukuni tuione Chake.

Khamis Muscat: Hongera! Wafanyakazi wenzangu hapa Muscat nao wametoa, angalia ukurasa.

Mwanakombo: Bi Mkubwa anapiga vigelegele, sauti itakuja. Jamani, nafunga hesabu kesho baada ya swala ya Ijumaa, saa za Pemba. Ami Seif, nimeona muamala wako. Umekosea sifuri?

Ami Seif: Sikukosea. Nusu peleka huko kwa Zuwena. Nusu ibaki kwako, tuanze wa kwetu. Nimezungumza na vijana wawili wanaojua kuogelea vizuri, wako tayari kufundisha watoto Jumamosi asubuhi maji yakijaa. Tunahitaji madumu ya kuelea, kamba na nguo za wasichana.

Shangazi Mize: Nguo naleta mimi, nina vitambaa na fundi wa kushona yupo hapa jirani. Nitumieni vipimo.

Khamis Muscat: Vipimo vya watoto wangapi?

Ami Seif: Anzeni na ishirini. Na Mize, wewe uje na chako.