Nyuki kaniuma mkononi, mwili mzima umevimba: naombeni ushauri

Mrina wa Sao Hill: Wakuu, asubuhi nyuki mmoja kaniuma kidoleni. Mara mabaka mwili mzima yanawasha, midomo ikavimba, nikatapika. Nimemeza Piriton. Keshokutwa narina tena, nivae glavu za aina gani?

Mwakaleli: Glavu za ngozi. Ila sisi Tukuyu tunapaka kitunguu, mchezo umeisha.

Mama Kijana: Pole kaka. Mwanangu karanga zilimvimbisha macho hadi yakafunga. Nyie wanaume hospitali mnaiona ndotoni tu.

Mganga wa Zahanati: Ulianguka? Ni mara ya kwanza?

Mrina wa Sao Hill: Sio ya kwanza. Msimu uliopita nilitoka mabaka tu. Leo nilizimia kidogo. Lakini mizinga nimekopea VICOBA, siwezi kuacha.

Mganga wa Zahanati: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Huo ni mzio mkali. Mara ya kwanza kinga yako ilitengeneza IgE, yaani kingamwili za mzio, dhidi ya sumu ya nyuki. Hizo zinajishika kwenye seli zilizojaa histamini, na seli hizo ziko kwenye ngozi, mapafu, hadi utumbo. Sumu ikirudi zinamwaga zote kwa pamoja: mishipa inapanuka na kuvuja, presha inaporomoka, koo na vifua vinabana. Ndiyo maana kidole kinakutapisha. Piriton inatuliza muwasho, haipandishi presha. Dawa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, na haraka.

Jicho la Mwewe: Hii chai. Juzi kwenye uzi wa simu huyu alisema anaishi Kinondoni.

Mwakaleli: Eeh! Nami nimempa ushauri wangu wa glavu bure.

Mrina wa Sao Hill: Akaunti natumia na shemeji, yeye ndiye wa Dar. Yuko hapa likizo. Chai gani mtu anaiandika midomo imevimba?

Jicho la Mwewe: Weka picha.

Mganga wa Zahanati: Picha baadaye. Mrina, sasa hivi unajisikiaje?

Mrina wa Sao Hill: Muwasho umerudi. Sauti inakwaruza.

Mganga wa Zahanati: Hali hii huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata bila kuumwa tena. Nenda hospitali sasa, usiendeshe mwenyewe. Kizunguzungu kikija lala chali, miguu juu. Pumzi ikibana kaa.

Mama Kijana: Shemeji amka jamani!

Mrina wa Sao Hill: Anawasha gari, tunakwenda Mafinga. Lakini mizinga siuzi.