Mrejesho: twiga wangu aliyetoka mweusi, na lenzi niliyobeba

Ndugu zangu, niliuliza hapa mambo mawili: kwa nini wanyama wangu wanatoka weusi tii jua likiwa nyuma yao, na kama kwa safari nibebe lenzi ya milimita 70-200 au 100-400 (namba ikiwa kubwa, mnyama anavutwa karibu zaidi). Asanteni sana kwa majibu.

Jumamosi niliingia Mbuga ya Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Twiga alisimama juu ya kilima, anga nyeupe nyuma yake. Kamera ikapima mwanga wa anga, twiga akawa kivuli. Nikaongeza mwangaza kwenye kamera hatua moja na nusu: anga ikaungua, yaani ikabaki nyeupe tupu, lakini madoa yalionekana, hata kope.

Aliyenigusa zaidi ni swala pala. Alikuwa mbele ya kichaka chenye giza, jua mgongoni. Hapo nilifanya kinyume, nikapunguza hatua moja, na kila unywele wa masikio ukawaka kama uzi wa dhahabu. Kumbe kilicho nyuma ya mnyama ndicho kinachoamua! Hudi ya lenzi, ile kinga ya mwanga inayofungwa mbele yake, sikuitoa kabisa, maana miale ikigonga kioo picha inapauka.

Lenzi nilikodi 100-400. Bega liliuma, lakini kwa 200 yule swala angekuwa mdogo mno, na huwezi kushuka garini ukamsogelee. Amboseli mwezi ujao naenda nayo hiyo hiyo, pamoja na lenzi ndogo ya milimita 35 ya kupigia watu na mandhari.