Shemeji yangu Mhabeshi anasikia sauti, hana bima, ukweni wanataka arudishwe Addis. Nifanyeje?

mama_pacha:
Habari za muda huu wadau. Naombeni ushauri, na wenye matusi tafadhali piteni mbali, leo sina nguvu za kujibizana na mtu.

Mimi Mtanzania, mume wangu Mhabeshi, tunaishi Silver Spring, Maryland. Mdogo wake mume alishinda bahati nasibu ya viza akaja, ana miaka 24, kijana mpole mwenye heshima zake, akapata kazi ya maegesho ya magari Washington kama wenzake wengi, shifti ya usiku, mchana anasambaza chakula kwa gari la kaka yake na hela karibu yote inaenda nyumbani. Kuanzia kipindi cha Timkat, sikukuu yao ya ubatizo ya mwezi wa kwanza, akaanza kubadilika. Halali. Tukasema ni shifti. Halafu akaacha kula na sisi kwenye sinia moja, na kwa watu wa kwao hilo sio jambo dogo, kaka yake akimlisha tonge anageuza uso, anakula ndizi na mayai ya kuchemsha ambayo kamenya mwenyewe. Chumbani kwake kabandika plasta nyeusi kwenye kile kitaa chekundu cha king'ora cha moshi, anasema kinapeleka habari. Juzi usiku nikamsikia anabishana na mtu nikajua yuko kwenye simu, kumbe simu iko jikoni inachaji. Kazi ameshaacha.

Mume wangu anasema ni mawazo tu yatapita. Mama mkwe kila asubuhi yuko Telegram, anasema kijana kapigwa jicho sababu ya ile viza, arudishwe akapelekwe mlima Entoto pale Addis kwenye maji ya baraka. Watu wa kanisani nao wametuletea maji, mlango wa friji umejaa chupa. Sipingi jamani, mimi mwenyewe mtu wa maombi. Ila nikitaja daktari wa akili nyumba nzima inanyamaza. Kuna dada yao anaolewa mwakani, na upande wa pili wakisikia ukoo una mgonjwa wa akili ile ndoa inaweza kufa, na nahisi hilo ndilo linalowatisha kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Bima hana, ya mume wangu haimchukui mdogo wa mtu. Daktari binafsi niliyempigia kataja dola 300 kikao cha kwanza tu. Kuna sehemu ya bei ya kawaida? Na akitibiwa hayo mambo yataingia kwenye faili lake la uhamiaji? Hilo la mwisho mume ndio analing'ang'ania.

jamaa_wa_dallas:
Dada hilo ni la kiroho hata asiyesoma anaona. Hao madaktari watamjaza madawa awe kama gogo. Mrudisheni kwa mama yake.

nesi_zamu_ya_usiku:
@jamaa_wa_dallas wacha hizo bana, mtu akivunjika mguu huwa mnamrudisha kwa mama yake?

Dadangu pole sana. Mimi ni nesi huku Minneapolis, tuna Waoromo na Waamhara wengi, hii stori yako naijua mwanzo mpaka mwisho. Sijamuona huyo kijana kwa hivyo siwezi sema ni ugonjwa gani, lakini kukosa usingizi, kuogopa chakula na kubishana na mtu hayuko, hiyo si ya kungoja ipite. Vijana wa miaka 18 mpaka 30 hivi ndio hushikwa sana na haya mambo mara ya kwanza, na kadiri wanavyotibiwa mapema ndivyo wanarudi vizuri. Tena sio lazima iwe akili pekee, kuna tezi ya shingo, kuna maambukizi, kuna mirungi na bangi, kwa hivyo anahitaji kupimwa damu na mtu wa kumkagua mwili mzima. Kwa maji hutajua hiyo.

Muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua ama kama hizo sauti zinamwamuru afanye kitu. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, watu huogopa bure. Akisema ndio, pigeni 988 saa hiyo hiyo, hiyo ni namba ya dharura za akili, ni bure, usiku na mchana, ilianza 2022 na wana wakalimani wa simu wa lugha zaidi ya 240. Kaunti yenu ya Montgomery pia ina kituo cha dharura za akili masaa 24 ambacho mtu anaingia bila apointimenti, na wana timu ya kutoka kuja nyumbani. Ikibidi mpige 911, sentensi ya kwanza kabisa iwe ni mgonjwa wa akili, hana silaha, naomba askari aliyefunzwa kushughulika na wagonjwa wa akili. Ya kwanza, sio ya tatu.

Pesa sasa. Wachana na daktari binafsi. Tafuteni kituo cha afya cha jamii, vile vinavyopewa pesa na serikali kuu. Kwa sheria hawaruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu hana kitu, na unalipa kulingana na kipato. Ukiwa chini ya mstari wa umaskini unatoa kidogo tu, kuanzia hapo mpaka mara mbili yake unapunguziwa kwa ngazi. Mwaka 2025 mstari wa mtu mmoja ulikuwa dola 15,650 kwa mwaka, na yeye saa hii kipato ni sifuri. Ulizeni mapema kama atahesabiwa peke yake ama na nyumba yenu yote, hapo bei inaweza kubadilika sana.

Uzuri wake ingine ni kuwa hivyo vituo vingi vina mtaalamu wa afya ya akili humo humo ndani. Kwa hivyo mtu wa kanisa akimuona kwenye foleni hajui kama amekuja kupima presha ama jino. Nawaambianga wagonjwa wangu hivyo na nimeona mabega yakishuka. Msianze na neno akili. Mwambieni twende tukatafute usingizi, na sio uongo, si kweli halali?

mtoto_wa_eastleigh:
Selam dada. Mimi Mhabeshi, wazazi walikimbia enzi za Derg, ule utawala wa kijeshi, nikakulia Eastleigh, Nairobi, sasa niko Virginia. Wacha niongee kama mtu wa ndani maana watu wetu nawajua na nitawasema.

Usishindane na maji. Ukiwaambia chagueni maji au dawa watachagua maji na wewe mgeni utakuwa adui, samahani lakini ndio ukweli. Kwetu kulikuwa na vita kama hiyo kwenye ukimwi, watu wanaacha dawa wakienda kwenye maji kwa sababu wahudumu waliwaambia ukichanganya imani imeisha. Mwaka 2007 Patriaki Abune Paulos mwenyewe akatoka hadharani akawaambia waumini wanywe dawa na wanywe maji, vyote viwili. Huyo hakuwa daktari, alikuwa mkuu wa kanisa. Mkumbushe mume wako hilo, na mama mkwe akumbushwe na mtu wa kanisa, sio wewe.

Mtu gani? Kila Mworthodoksi wa kwetu ana padri wake wa maungamo. Mume wako anaye, na hata kama hajaungama toka afike Amerika bado anaye. Amfuate faragha, sio baada ya misa watu wakiwa wamejaa nje, amwambie kila kitu, halafu aombe jambo moja tu, padri ampigie mama Addis. Simu hiyo moja itafanya kazi kuliko wewe kuongea mwaka mzima. Padri wa pili anayekataza dawa akitokea, tafuteni mwingine, wapo wengi DC hapa wala si siri kwamba hawafanani.

Sasa mkalimani, hapa ndipo watu wengi wanaharibikiwa. Kituo kikipokea pesa za serikali lazima kiwape mkalimani bure, msiende na binamu wala rafiki wa familia, na watoto wako wasiguse hiyo kazi kabisa. Ombeni mkalimani wa simu, sio wa kuja pale, kwa sababu wa kuja anaweza kuwa anasali kanisa moja na nyie na Jumapili habari imefika. Wa simu anaweza kuwa amekaa Texas huko, na kijana hana haja ya kumtajia jina. Na semeni lugha waziwazi, Kiamhara, Kioromo au Kitigrinya. Msiseme Kiethiopia. Baada ya vita ya Tigray ya 2020 hadi 2022 kuna mtu akisikia lafudhi ya upande wa pili anafunga mdomo kabisa, na huyo kijana tayari anaogopa kusikilizwa. Mimi nimekalia kiti hicho cha mkalimani, nimeona mgonjwa anajibu kichwa kinauma, kichwa kinauma, kichwa kinauma, mpaka walipobadilisha mkalimani ndio akasema ndugu zake waliuawa.

Kingine madaktari wa hapa hawaulizi, mfungo. Hudadi, mfungo wa kabla ya Pasaka, ni siku 55, mtu hali wala hanywi mpaka mchana au jioni, na dawa anairuka bila kusema. Mgonjwa anaruhusiwa asifunge lakini wengi hawatakubali, kwa hiyo mwambieni daktari apange dozi ya usiku.

Kuhusu kumrudisha, Addis tuna hospitali ya Amanuel na wanajitahidi kweli, ila nchi ina watu zaidi ya milioni 100 na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya akili. Hapo alipo yuko karibu zaidi na daktari.

La mwisho halafu nanyamaza, hili linaniudhi. Sisi tuna iddir, chama cha kuzikana, kila mji. Mtu akifa DC leo, wiki haiishi maiti iko kwenye ndege na chakula cha msiba kimelipwa. Mtu huyo huyo akiugua akili mwaka mzima hakuna anayechanga hata dola 20 za kliniki kwa sababu hakuna anayekubali kusema anaumwa nini. Nimesimama kwenye mkutano wa iddir yetu nikapendekeza mfuko wa matibabu, wakanisifu kwa makofi kisha wakaendelea na ajenda ya tatu.

mzee_makaratasi:
Nijibu la uhamiaji, ndilo naona linamkosesha bwana usingizi. Mimi si wakili, ila nimefanya kazi na mawakili wa wakimbizi muda mrefu.

Kijana anayo grini kadi mkononi tayari. Kwenda kliniki na kumeza dawa sio kosa na hakumnyang'anyi kadi. Taarifa zake za matibabu ni siri kisheria. Akija kuomba uraia hakuna kipimo cha kama aliwahi kutibiwa kwa bei ya maskini. Kitu cha kumuharibia kadi ni huko kurudi kwenyewe, akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurejea alichokiomba kabla ya kuondoka, anaweza kuambiwa ameacha ukaazi. Na matibabu ya maji huwa hayana tarehe ya mwisho.

Medicaid ya kawaida, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, aliyekuja kwa bahati nasibu anaisubiri miaka 5, ila ya dharura anaweza kuombewa, na kununua bima kwenye soko la jimbo, Maryland Health Connection, anaruhusiwa hata kabla ya hiyo miaka. Ikitokea amepelekwa kitengo cha dharura cha hospitali, sheria ya 1986 inawalazimu wamkague na wamtulize hata kama hana senti, bili itakuja baadaye na msiikimbie. Hospitali isiyo ya faida lazima iwe na fomu ya msamaha, mna siku 240 tangu bili ya kwanza kuijaza. Watu wanalipa kwa kadi ya benki kwa hofu kabla hawajaiulizia, sijui tuna nini.

Na kwa Mhabeshi mwingine anayesoma hapa ambaye hajaomba hifadhi na ule mwaka mmoja wa kuiomba umeshapita kwa sababu alikuwa mgonjwa wa akili au ameteswa, usikate tamaa, ugonjwa ni moja ya sababu zinazokubalika kuchelewa, zungumza na wakili. Washington kuna TASSC, wanahudumia walioteswa, na Wahabeshi ni wengi kati ya wanaowahudumia.

mama_pacha:
Nimerudi wadau, samahani kwa kimya. Sikutegemea majibu ya namna hii.

Mume wangu alisoma uzi wote akiwa kwenye gari hapo nje, akaingia ndani hakusema kitu, kesho yake akaenda kwa padri. Padri kapiga Addis. Sijui walisemezana nini, mama mkwe sasa kakubali kwa sharti maji yaendelee kila Jumamosi, sawa tu, yaendelee.

Kliniki tumeenda. Tumelipa dola 30. Mkalimani wa simu mwanamama, sauti ya upole, na shemeji alipoulizwa usingizi akaanza kuongea hajanyamaza, mimi na mume tukaombwa tutoke nje. Wamemchukua damu, wakamuuliza mirungi akasema hatumii. Kapewa dawa kidogo ya usiku na karatasi ya kwenda kwenye programu ya vijana walioanza kusikia sauti. Jana kala na sisi, sio kwenye sinia, sahani yake pembeni, ila kala.

Sasa tumbo langu limehamia kwa huyo dada wa harusi, maana kaanza kuuliza kwanini kaka hapokei simu.

mtoto_wa_eastleigh:
Mwambieni anaumwa na anatibiwa, basi. Undani ni wa mwenyewe kuusema akipenda. Mkidanganya amesafiri atapigiwa na mtu aliyemuona supamaketi ya Giant ananunua ndizi.

nesi_zamu_ya_usiku:
Asante Mungu. Sasa sikiza, hizo dawa huchukua wiki kadhaa kukamata vizuri na watu wa nyumbani huziacha wakiona amelala siku mbili tatu. Asiache bila daktari hata kama padri, shangazi ama jamaa wa Dallas amesema. Kopo mkae nalo nyinyi, mmpe moja moja jioni. Akianza kukakamaa shingo ama kutetemeka piga kliniki siku hiyo hiyo, kuna ya kubadilisha. Na mkienda hiyo programu bebeni karatasi za mshahara wake wa mwisho pamoja na barua kwamba anaishi kwenu, bila hizo wanaweza kuwaandikia bei kamili mpaka mzilete.