Wewe uliyemwambia mpwa wangu "punguza robo", njoo hapa

Wanajamvi, asalaam aleikum. Nimekaa na jambo hili wiki mbili kifuani na leo nalitoa.

Kuna bwana mmoja katika kundi letu la simu, kundi la watu wa Mombasa walioko ughaibuni na sisi tuliorudi. Anajiita fundi wa silaha. Jina lake silitaji, mwenyewe anajijua. Huyu bwana nusura amtoe mpwa wangu mkono.

Mpwa wangu yuko Kodiak, Alaska, anafanya kazi ya samaki. Nami nilikuwa hukohuko miaka 9 kabla sijarudi Kibokoni. Kisiwa kile kina dubu wakubwa, mtu akienda mtoni kuvua hubeba silaha. Nilipoondoka nilimwachia rivolva yangu ya .44 Magnum, mashine ya kujazia risasi, mizani na vitabu. Kule mtu kujijazia risasi nyumbani ni halali na ni kawaida. Hapa kwetu silaha na risasi ni mambo ya leseni chini ya Sura ya 114, kwa hivyo asije mtu kuniuliza baruti inapatikana wapi Mombasa.

Kijana alikuwa amezoea vichwa vya risasi vya greni 240 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Safari hii akanunua vya greni 300, karibu gramu 19 na nusu kila kimoja, kwa sababu ya hao dubu. Baruti aliyokuwa nayo ni H110. Akauliza kundini afanyeje. Hazikupita dakika mbili, fundi akajibu: "Kichwa kimekuwa kizito, punguza baruti robo. Ukianza chini hupati madhara. Baruti ni baruti." Watu kumi na kitu wakambandikia dole gumba.

Baruti ni baruti! Hayo ni maneno ya mtu wa gobore, anayemimina kwa kukisia na kushindilia kwa kijiti.

Sote tumekulia kwenye majiko ya pwani. Ukitia moto kuti kavu moja, linalipuka hapohapo na kwisha. Vifuu vya nazi je? Ukivirundika vikashikana joto, vinawaka moto mkali wa muda mrefu. Ukivitawanya vitatu vinne jikoni, vinafuka moshi halafu vinazima. Baruti za Bullseye na Unique ni makuti: zinaungua haraka, na kidogo tu kinatosha. H110 ni vifuu. Inaungua polepole, inataka ganda lijae vizuri, fataki kali ya magnum (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), na mdomo wa ganda ukunjwe ukaze kichwa sawasawa, ndipo shinikizo lipande na baruti yote iwake. Ndiyo maana inafaa sana kwa kichwa kizito: inakisukuma mtutu mzima badala ya kukipiga teke moja. Na ndiyo maana hiyohiyo haipunguzwi ovyo. Hodgdon, wenye baruti hiyo, wameonya waziwazi kwamba isipunguzwe zaidi ya asilimia 3 ya kipimo chao. Asilimia 3! Fundi wetu kasema robo.

Najua atajitetea kwamba kichwa kizito hutumia baruti chache kuliko chepesi. Kweli, na hapo ndipo uongo wake ulipojificha. Kichwa cha greni 300 ni kirefu, kinazama ndani ya ganda na kubana nafasi, shinikizo linapanda, na kikomo cha .44 Magnum ni pauni 36,000 kwa inchi ya mraba. Lakini kipimo chake kimeandikwa kitabuni, cha kichwa kilekile kwa baruti ileile. Hakitoki kwa kuchukua kipimo cha 240 na kukikata kwa hesabu za barazani.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Jumamosi saa nane mchana kwao, kwetu saa saba ya usiku wa kuamkia Jumapili, simu inalia. "Mjomba, samahani kukuamsha. Risasi imelia puf, kama mtu anapuliza. Nadhani fataki ni mbovu. Nipige nyingine?"

Wallahi niliruka kitandani. Nikamwambia iweke chini, mtutu uelekee kwenye kifusi, usiguse kitu. Baadaye nikamwelekeza jinsi ya kuzitoa risasi zilizobaki, akanionyesha kwa kamera. Ndani ya silinda kulikuwa na punje za manjano zimegandana kama mchanga uliolowa. Hiyo ni baruti ambayo haikuungua. Akapitisha kijiti cha mbao mdomoni mwa mtutu, kikaingia kama urefu wa kidole, kikagonga. Kichwa cha risasi kimekwama mlemle! Silinda inazunguka vizuri, nyundo inarudi vizuri, hakuna kinachomzuia kuvuta tena. Angevuta, kichwa cha pili kingekutana na cha kwanza na mtutu ungemfumkia mkononi. Kilichomwokoa ni adabu ya kumuuliza mkubwa kwanza.

Mamake ni dada yangu. Mpaka leo hajui, na sijui nitamwambiaje.

Ukitaka risasi laini, badilisha baruti. Usiinyonge H110. Baruti ya 2400 inavumilia kushuka kuliko H110. Elmer Keith, yule mwandishi wa silaha wa Marekani, aliitumia miaka na miaka kusukuma vichwa vizito katika risasi ya .44 Special, kabla .44 Magnum haijazaliwa mwaka 1955. Mimi mwenyewe 2400 ndiyo niliyoipenda kwa risasi za mazoezi. Zile baruti za haraka nazo zina hatari yake: kipimo kinakaa chini kabisa ya ganda kubwa, ukisahau ukamimina mara mbili huoni, na silinda inapasuka. Na msidhani H110 na 296 ya Winchester ni baruti mbili za kulinganisha. Ni baruti moja, kiwanda kimoja cha St. Marks, Florida, lebo mbili. Fundi alishawahi kumshauri mtu ahame kutoka moja kwenda nyingine "apate nguvu zaidi". Hapo ningepaswa kumkamata, nikanyamaza. Nalijutia hilo.

Tena hakumuuliza kijana swali hata moja. Fataki gani? Mdomo wa ganda umeukunja? Kwa kichwa kizito teke la rivolva ni kubwa, na vichwa vilivyosalia kwenye silinda vinachomoka mbele mpaka silinda inagoma kuzunguka, mbele ya dubu. Fundi wa kweli angeanza na hayo.

Msiniulize idadi ya greni, siandiki hapa. Kitabu cha mtengenezaji kipo, na vipimo vyake mtu anasoma kwenye simu bure.

Na wewe bwana, ujumbe wako nimeuangalia asubuhi hii. Bado upo, na dole gumba zimeongezeka mbili. Ufute leo. Kisha umpigie mpwa wangu, namba yake unayo, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikuwa hujui.